Magurudumu Mawili Yasiyo na Vumbi

Inspekta alichuchumaa mbele ya gurudumu la kwanza, akatoa kitambaa cheupe, akafuta rimu mara moja kwa kidole. Kitambaa kikatoka cheusi tititi. Haukuwa weusi wa matope wala wa grisi. Ulikuwa unga laini wenye vimetameta, ule unaoganda kwenye ngozi na kukataa kutoka. Akakikunja kitambaa, akakitia kwenye mfuko wa nailoni, akaandika juu yake namba moja. Kisha akasogea kwenye gurudumu la pili na kitambaa kingine kipya.

Kazini wenzake walimwita Bi Kwa Nini, mbele yake na nyuma yake, naye hakujali. Aliamini kwamba jalada likifungwa kabla ya maswali kuisha, litakuja kumfungukia mtu mikononi siku isiyo yake. Ndiyo maana asubuhi hii alikuwa amepiga magoti kwenye yadi ya malori, sketi ya sare imejaa vumbi, wakati mkuu wake alikuwa ameshamwambia kwamba kesi imekwisha.

Na kweli ilionekana imekwisha. Siku tatu nyuma, lori hili lililobeba saruji lilishuka mlima mrefu nje ya mji bila kusimama, likakwepa kituo cha basi kilichojaa watu, likajizika kwenye lundo la mchanga la mfyatua matofali. Hakufa mtu. Aliyeumia ni dereva peke yake, mguu wa kulia umevunjika kwenye kifundo. Huyo dereva yadi nzima ilimwita Mzee Taratibu, kwa kuwa katika miaka thelathini na moja ya usukani hakuwahi kukwaruza hata geti. Akiwa bado kwenye machela alitoa maelezo, akayatia sahihi: "Nilisinzia. Sikukanyaga breki." Kwa maneno hayo matatu mzee alikuwa amejifungia mwenyewe mlango wa gereza, na leseni yake ndiyo basi tena.

Inspekta angepeleka jalada kwa mwendesha mashtaka siku ile ile, kama si maneno ya mfyatua matofali. "Nilikimbia kumtoa," alisema yule mtu, "nikamkuta ameshatoka mwenyewe. Anajikokota kwa makalio, mguu unaning'inia. Namwambia mzee tulia, hasikii. Akaenda hadi gurudumu la nyuma, akaliwekea kiganja. Halafu akalia. Nikasema ni maumivu."

Kwa nini mtu aliyevunjika mguu ajikokote kwenda kushika gurudumu? Swali hilo Inspekta alilala nalo, akaamka nalo, akanywa nalo chai.

Lori lilikuwa la ekseli tatu, na yadi ilihesabu magurudumu yake kwa upande: moja na mbili mbele, tatu na nne katikati, tano na sita nyuma. Yale ya pacha walihesabu kama moja, kwa sababu breki yao ni moja. Vitambaa vya gurudumu la kwanza, la pili, la tatu na la nne vilitoka vyeusi, tena vikinuka kuungua. Kwenye gurudumu la tano kitambaa kilitoka na tope jekundu la barabarani. Akalifuta lile tope likaisha, akapitisha kidole tena. Kitambaa kikarudi kama kilivyokwenda. La sita nalo vivyo hivyo.

Inspekta akainuka, magoti yakalia. Fundi mkuu wa yadi alikuwa amesimama kando tangu mwanzo, mikono kifuani, akimtazama kwa uso wa mtu anayeona jikoni kwake kumeingia mgeni.

"Fundi, haya mawili ya nyuma nani kayaosha?"

"Hakuna aliyegusa kitu hapo, afande. Gari la kuvuta lilipolileta nilitoa amri mwenyewe."

"Basi nieleze. Huu weusi ni nini?"

"Ni vumbi la breki." Fundi akalegeza mikono kidogo, aliulizwa kitu anachokijua. "Ukikanyaga pedali, pedi zinabana diski. Zikibana zinasagana, zikisagana zinatoa unga. Chuma kidogo, pedi kidogo. Unaruka, unaganda kwenye rimu. Breki ni kama mtoto mchanga, afande. Ikila, lazima inye." Akakumbuka anaongea na nani. "Samahani."

"Usijali, nimelea watatu. Kwa hiyo mtoto asiyechafua nepi?"

"Ama hajala..." Fundi akasita. "Ama kuna mtu ameshambadilisha."

"Na hapa yadini wa kubadilisha nepi ni nani?"

"Mama Rimu. Yule kule kwenye sakafu ya kuoshea. Ni mkwe wake."

"Mkwe wa nani?"

"Wa Mzee Taratibu. Mke wa marehemu mwanawe."

Hapo masikio ya Inspekta yalisimama. Mkwe wa mshukiwa, mwenye ndoo na sabuni, hatua arobaini kutoka kwenye kielelezo. Hakuipenda njia aliyokuwa akiiona, lakini njia haiachwi kwa sababu haikupendezi, kwa hiyo akachukua daftari lake akaifuata.

Sakafu ya kuoshea ilikuwa ya zege, imeinamia mfereji mmoja katikati. Brashi tatu zilining'inia ukutani kwa ukubwa wao, na chupa za dawa zilipangwa kwa mstari, midomo imeelekea upande mmoja. Mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mwenye buti za mpira na barakoa, alikuwa akimwagia maji gurudumu la lori jingine, polepole. Alipoiona sare alifunga bomba, akashusha barakoa. Macho yalikuwa yamevimba.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Pole kwa mzee wako." Inspekta alitafuta pa kukaa, akakosa, akabaki wima. "Juzi lori lilipoletwa ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Uliliosha?"

"Tuliambiwa tusiguse."

"Nimekuuliza kama uliliosha."

"Sikuliosha." Mama Rimu aliweka bomba chini. "Ila niligusa. Nilifungua mlango wa dereva nikatoa kiatu."

"Kiatu gani?"

"Cha baba. Cha kulia. Hospitali alifika na kimoja tu, nikaona haya mzee wangu alale wodini na kiatu kimoja chini ya kitanda." Akaenda kwenye rafu, akarudi na kiatu kimefungwa kwenye gazeti. "Nilitaka kumpelekea fundi viatu kwanza. Kimeharibika."

Inspekta akakishika kwenye mwanga. Soli nene ya ngozi ilikuwa imekunjika katikati, imepasuka kwa upana wote, na ndani ya ule mkunjo mlikuwa na alama za vinundu vya chuma, safu tatu.

"Kilikuwa wapi?"

"Kimebanwa chini. Nilikivuta kwa mikono miwili. Kwenye pedali."

"Ipi?"

"Ya katikati," alisema Mama Rimu, naye mwenyewe hakuona amesema nini.

Inspekta aliona. Mtu aliyesinzia hakunji soli ya kiatu kwenye pedali ya breki. Akakirudisha kiatu kwenye gazeti, akaomba radhi kwamba atakaa nacho kidogo, akarudi kwenye jambo lililomleta.

"Magurudumu mawili ya nyuma hayana vumbi hata chembe. Fundi anasema ama breki haikufanya kazi, ama mtu ameosha. Na mwoshaji ni wewe."

Mama Rimu alimtazama kwanza bila kuelewa, halafu akaelewa, na badala ya kuogopa akaudhika. Aliudhika kikazi.

"Afande, yana tope?"

"Yana tope jekundu."

"Sasa mtu gani ataosha vumbi la breki abakishe tope? Tope liko juu, vumbi liko chini. Ni sawa na kuoga na koti." Akachukua brashi ndogo, akamwonyesha. "Hili vumbi halioshwi kihuni. Kwanza gurudumu lipoe. Ukimwagia maji likiwa la moto diski inapinda. Halafu unalilowesha, hulifagii kavu wala hulipulizi kwa upepo. Likiruka unalivuta, na kifua hakisahau. Unapaka dawa, unahesabu mpaka mia, hungoji ikauke. Ndipo unasugua, kwenye kila tundu la nati. Ukiliacha wiki mbili tatu linakula rangi, rimu inaota vidonda. Ningeosha mimi, afande, yangeng'aa. Nisingekuaibisha wala nisingejiaibisha."

Inspekta alijikuta anatabasamu. Hasira ya namna hiyo haifundishwi, na waongo aliokutana nao hawakuwahi kuwa nayo. Akalikata neno aliloandika kwenye daftari lake: *ameosha?*

"Basi nisaidie. Kwa nini hayana vumbi?"

"Namba tano na namba sita?" Uso wa Mama Rimu ukafunguka kidogo kwa mara ya kwanza. "Hayo ndiyo wanangu wapole. Yale ya mbele yananitesa, lakini hayo, wiki ya sita sasa sijayatia dawa. Namwaga maji tu, yanatakata. Hata kwenye daftari nimeandika."

Wiki sita. Inspekta alisimamisha kalamu. Hakutaka kuuliza swali linalofuata, na aliliuliza.

"Daftari lipi?"

Daftari la lori lile lilikuwa limetundikwa kwenye msumari kando ya mlango, la jalada gumu, kingo zimelegea kwa maji. Kila Jumatatu ilikuwa na ukurasa wake. Kulikuwa na safu ya tarehe, safu ya gurudumu, safu iliyoandikwa juu yake *Hali*, na mwisho nafasi mbili za sahihi, ya fundi na ya dereva. Mwandiko wa Mama Rimu ulikuwa wa duara, wa mtu aliyeheshimu shule hata kama shule haikukaa naye sana. Moja, chafu sana. Mbili, chafu sana. Tatu, chafu. Nne, chafu. Tano, safi. Sita, safi. Jumatatu sita mfululizo zilikuwa hivyo, na chini ya kila ukurasa sahihi zote mbili zilikuwepo.

"Fundi!" Inspekta aliita. "Njoo, tafadhali."

Fundi akaja akijifuta mikono. Inspekta akamwekea kidole kwenye neno moja.

"Nisomee hapa."

"Tano, safi."

"Maana yake?"

Fundi akamtazama kama vile anachezewa. "Safi ni safi, afande. Nzima. Imekaguliwa, haina tatizo. Ndiyo safu ya hali hiyo. Zilizoandikwa chafu nafungua, napima pedi. Zilizoandikwa safi natia sahihi."

"Na wewe?" Inspekta alimgeukia Mama Rimu, kwa sauti ya chini. "Uliposema safi?"

"Safi ni safi," alisema Mama Rimu. "Haina uchafu. Haihitaji kuoshwa."

Lori la upande wa pili wa yadi lilikuwa linarudi nyuma, na kengele yake ilisikika mpaka likasimama.

Fundi ndiye aliyeanza, na ilimchukua juhudi. "Zamani safu ile aliijaza fundi msaidizi. Yeye alikuwa anafungua, anaangalia, anaandika safi. Alipostaafu daftari likabaki pale kwenye msumari. Nikaona linaendelea kujazwa. Nikadhani..." Hakumaliza alichodhani.

"Niliona pameandikwa hali," alisema Mama Rimu. "Nikaandika hali niliyoiona."

"Tulifungue," Inspekta alisema.

Walilifungua gurudumu la tano. Fundi alipiga jeki mwenyewe, hakukubali msaidizi, na nati alizifungua moja moja kwa spana ndefu mpaka shati likamganda mgongoni. Diski ilipojitokeza hakuna aliyehitaji kuelezwa. Diski inayofanya kazi hung'aa kama kijiko. Hii ilikuwa imeota kutu nyekundu pande zote, na pedi zilikuwa nene kama zilivyotoka dukani. Fundi akafuata mpira wa upepo unaosukuma breki kwa vidole hadi pale unapogawanyika kwenda magurudumu mawili ya nyuma, akaukata kwa kisu, akautazama. Nje ulikuwa mzima. Ndani ulikuwa umevimba, tundu limebana hata sindano isingepita.

"Upepo haukuwa unafika nyuma," alisema. "Lori zima lilikuwa linasimamishwa na breki nne badala ya sita. Mjini, tambarare, hutajua. Mlima mrefu, mzigo umejaa, zile nne zinachemka, zikichemka zinaachia." Alikaa chini kwenye zege, miguu mbele, akiwa na ule mpira mkononi. "Aliniambia, afande. Wiki mbili nyuma mzee aliniambia, fundi, lori limekuwa zito kusimama. Nikaangalia daftari, nikamwambia ni mzigo huo. Kazi ya kufungua ilikuwa yangu. Nilisoma badala ya kufungua."

"Utayaandika hayo?"

"Nipe karatasi."

Wakati fundi anaandika, Inspekta alimtafuta Mama Rimu kwa macho. Alimkuta amegeuza ndoo juu chini, ameikalia, mikono imelala mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa anahesabu kitu kimoyomoyo, midomo inacheza, na Inspekta alijua anahesabu zile Jumatatu.

"Alijua," alisema Mama Rimu bila kuinua uso. "Alipoenda kuligusa lile gurudumu. Yale manne yanaunguza, lile la baridi. Alijua palepale nani aliandika nini."

"Nadhani hivyo."

"Ndiyo maana akasema amesinzia."

Swali lililomtesa Inspekta siku tatu lilikuwa limejibiwa, naye alitamani lisingejibiwa na mtu huyu. Akachuchumaa tena, magoti yakalia tena, akamshika mkono, na mkono ule ulikuwa wa baridi na una harufu ya sabuni.

"Jioni naenda kumwona. Ni kazi yangu kwenda. Wewe huna lazima."

"Nakwenda," alisema Mama Rimu, na akaanza kuvua buti.

Saa za kutazama wagonjwa zilikuwa zimeanza. Mzee Taratibu alikuwa kitanda cha dirishani, mguu umefungwa plasta na kuinuliwa juu ya mito miwili, ndevu nyeupe zimeota siku tatu. Alipowaona wameingia pamoja, uso wake ulifunga, lakini neno la kwanza lililomtoka halikuwa la kesi.

"Umekula?" alimwuliza mkwewe.

"Nimekula, baba."

"Muongo. Nakuona shingo."

Inspekta akavuta kiti. Akaweka kiatu juu ya meza ndogo, kati ya chupa ya maji na dawa.

"Hiki ni chako, mzee?"

"Changu."

"Kimekunjika kwenye pedali ya breki. Daktari ameandika kwamba kifundo kimevunjika kwa kusukuma, si kwa kugongwa. Nimeuliza mara mbili. Kwa kusukuma."

"Nilisinzia, afande."

"Nimeona diski za mbele. Zimeungua mpaka zimegeuka buluu. Mtu amezikanyaga mlima mzima."

"Nilisinzia. Nimeshatia sahihi."

"Mzee, ulikwenda kugusa gurudumu la nyuma kabla hujakubali kubebwa. Lilikuwaje?"

Mzee Taratibu alifumba mdomo kwa ukaidi wa mtoto anayekataa dawa. Aliyejibu alikuwa Mama Rimu, amesimama miguuni pa kitanda.

"Lilikuwa la baridi. Si ndiyo, baba?"

Mzee akageuzia uso dirishani.

"Nani amekwambia?"

"Daftari."

"Hukukosea kitu. Uliandika ulichokiona."

"Kama sikukosea, kwa nini ulinificha?"

"Kwa sababu nakujua!" Mzee aligeuka kwa ghafla, mguu ukamuuma, akakunja uso. "Mumeo alipougua ulijilaumu mwaka mzima. Ulichelewa kumpeleka hospitali siku moja, siku moja tu! Daktari akakwambia isingebadilisha kitu, hukumsikia. Nikawa nasikia ukutani unavyolia. Mwaka mzima, nasikia ukutani. Nikasema hili asilijue. Hili nitaondoka nalo mimi."

"Uende gerezani?"

"Gerezani watu wanalala. Miaka thelathini na moja naamka alfajiri, nimechoka." Alijaribu kucheka. Mama Rimu hakumsaidia.

"Nyumba ile tumebaki wawili," alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi naye hayafuti. "Ukifungwa, chai ya jioni nitamwekea nani? Ukuta? Unadhani nikikaa peke yangu ndiyo nitakuwa na raha kwa sababu sijui? Baba, ulitaka kunifanyia wema ambao ungeniua."

Mkono wa Mzee Taratibu ulitambaa juu ya shuka ukitafuta kitu, na Mama Rimu akazunguka kitanda, akaushika.

Inspekta aliwaacha. Alisoma kipande cha karatasi cha joto la mgonjwa kilichotundikwa kitandani, akakisoma tena kutoka chini kwenda juu. Hakuwa mtu wa kulia kazini. Leo alikuwa karibu.

Mwishowe akasafisha koo. "Mzee, kutoa maelezo ya uongo kwa polisi ni kosa. Kuyarekebisha ni haki yako. Nina fomu mpya."

"Nikisema, yeye atashtakiwa?"

"Mwosha magurudumu hakuajiriwa kukagua breki. Fundi ameandika yake, kwa mkono wake, wala sikumsukuma. Mkweo atatajwa kama shahidi, basi."

"Na moyo wake?"

"Hilo halimo kwenye fomu."

"Moyo wangu nitauangalia mwenyewe," alisema Mama Rimu. "Wewe angalia mguu."

Mzee akaitazama fomu kwa muda mrefu. Inspekta alikuwa amewahi kuwasubiri watu wakubali makosa waliyotenda, lakini hakuwahi kumsubiri mtu akubali kwamba hakutenda, na aliona hii ndiyo nzito zaidi.

"Nilikanyaga breki," alianza Mzee Taratibu. "Andika hivyo. Nilikanyaga tangu juu ya mlima, zikashika, zikalegea. Nikakanyaga tena. Nikaona kituo cha basi, kuna mama amesimama na mwavuli. Nikasimama juu ya pedali kwa uzito wangu wote, nikapinda usukani kuelekea mchangani. Sikuondoa mguu. Sikuuondoa mpaka mwisho."

Inspekta aliandika neno kwa neno. Aliandika gurudumu la baridi na kiganja. Aliandika daftari la Jumatatu, na safu ya hali, na sahihi ya mzee mwenyewe chini ya kila ukurasa, kwa sababu alisisitiza iandikwe kwamba yeye pia alisoma na kupita. Alipomaliza alimsomea, kwa sauti ya kutosha watu watatu, kama utaratibu unavyotaka.

"'...Nilitambua kuwa magurudumu ya nyuma hayakuwa yakifanya breki. Daftari huandikwa na mkwe wangu, ambaye...'"

Mzee aliinua kidole. "Hapo pana kosa."

Inspekta aliogopa kwamba mzee anarudi nyuma, kwamba atamfuta yule binti kwenye karatasi na kujirudisha mwenyewe mle alimokuwa. Mama Rimu naye alikaza mkono aliokuwa ameushika.

"Kosa gani, mzee?"

"Nipe kalamu."

Kosa kwenye maelezo hukatwa kwa mstari mmoja, neno sahihi likaandikwa juu yake, na mtoa maelezo akatia sahihi pembeni. Mzee Taratibu alilijua hilo bila kuambiwa. Inspekta alimshikia fomu juu ya kitabu, na mzee, amelala, akalikata neno *mkwe wangu*. Juu yake akaandika *mwanangu*. Akatia sahihi pembeni, akarudisha kalamu.

Mama Rimu alilisoma. Aliinamisha paji la uso kwenye mkono wa mzee, akabaki hivyo, mabega yakimtikisika, na mzee akawa anamgusagusa kitambaa cha kichwani kwa kidole kimoja, polepole.

Inspekta naye alitia sahihi kando ya sahihi ya mzee. Kisha akaendelea kusoma kuanzia palepale aliposimama: "'...mwanangu, ambaye aliandika alichokiona.'"